Kukata Kona kwa Pikipiki: Jinsi Ujuzi Wake Ulivyojengeka

Pikipiki haikati kona kwa namna moja na gari. Gari hubaki wima juu ya magurudumu manne, dereva akazungusha usukani. Pikipiki lazima ilale upande wa kona, na kiasi cha kulala huamuliwa na mwendo pamoja na ukali wa kona, si na matakwa ya mwendeshaji. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 50, mwendo wa kilomita 60 kwa saa huhitaji pikipiki ilale kwa takriban nyuzi 30. Mwendo ukifika kilomita 80, nyuzi zinazohitajika ni 45 hivi. Aliyeongeza mwendo kwa theluthi moja amekaribia kuzidisha maradufu mzigo wa upande unaobebwa na tairi mbili, kila moja ikiigusa lami kwa eneo lisilozidi kiganja cha mkono. Nyuzi 45 ni karibu na mwisho wa uwezo wa tairi nyingi za barabarani kwenye lami kavu. Mvua ikinyesha, mwisho huo hufika mapema zaidi.

Hesabu hii ilijulikana kabla pikipiki haijaenea. Mwaka 1869 mhandisi wa Kiskoti William Rankine aliandika katika jarida la The Engineer jinsi chombo cha magurudumu mawili kinavyosimama na kugeuka. Alionyesha jambo ambalo hadi leo huwashangaza wengi: ili kukata kona ya kushoto, gurudumu la mbele huelekezwa kwanza kidogo kulia, chombo kikaangukia kushoto, ndipo gurudumu likafuata. Kwa pikipiki iliyoshika mwendo, maana yake ni kwamba mkono wa kushoto husukuma mpini mbele ili kuingia kushoto. Wilbur Wright, aliyekuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio, kabla yeye na mdogo wake hawajatengeneza ndege, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanavyogeuka. Hakupata hata mmoja aliyeeleza sawasawa kile ambacho mikono yake mwenyewe ilikuwa ikifanya kila siku. Wengi walijua kukata kona bila kujua wanavyoikata, na kwa baiskeli ya mwendo mdogo hilo halikuwa na madhara makubwa.

Madhara yalianza kuonekana injini zilipopata nguvu. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1903 ilikataza magari na pikipiki kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32, na Bunge lilikataa barabara zifungwe kwa ajili ya mashindano. Kisiwa cha Man, kilicho katika bahari kati ya Uingereza na Ireland, kina bunge lake, Tynwald, na bunge hilo lilikuwa tayari kufunga barabara. Ndiyo sababu mashindano ya pikipiki ya Tourist Trophy yalianzia huko Mei 28, 1907, kwenye mzunguko wa St John's wenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 25. Charlie Collier, aliyeendesha Matchless ya silinda moja, alishinda kwa wastani wa maili 38.21 kwa saa, takriban kilomita 61.5.

Pikipiki za siku hizo zilikuwa na gia moja tu, na injini iliendesha gurudumu la nyuma kwa mkanda wa ngozi au mpira. Mkanda ukilowa uliteleza. Breki zilikuwa hafifu, nyingine zikiwa hazina tofauti kubwa na za baiskeli, na wapandaji kadhaa walipiga pedali ili kupanda milima, mpaka pedali zilipopigwa marufuku mwaka 1908. Kwa mashine kama hiyo, kasi ya kuingia kona iliwekwa na chombo chenyewe. Mpandaji hakuweza kufika kwenye kona kwa kasi kubwa mno, na alipofika alijua kwamba breki hazingemwokoa, hivyo alipunguza mapema. Uzembe wa kutegemea breki katikati ya kona ulikuja baadaye, pamoja na breki nzuri.

Mwaka 1911 mashindano yalihamishiwa kwenye mzunguko mrefu unaopanda mlima Snaefell, ambao leo una urefu wa kilomita 60.7 na kona zaidi ya 200. Sehemu ya mlimani wakati huo ilikuwa njia ya mikokoteni. Gia moja haikufaa tena: pikipiki za Indian kutoka Marekani, zenye mnyororo na gia mbili, zilichukua nafasi tatu za kwanza katika mbio kuu. Mwaka huohuo Victor Surridge alifariki katika mazoezi karibu na Glen Helen, akawa mpandaji wa kwanza kufa kwenye mashindano hayo. Wapandaji walioendelea kurudi kisiwani walijifunza mzunguko kwa kuukariri kona moja moja, mwaka baada ya mwaka: ukuta wa mawe uko wapi, lami inainamia upande gani, kona ipi inaonekana nyepesi kisha inajikaza. Maarifa hayo ni halisi, lakini hayahamishiki. Mtu anayeijua kona ya Kisiwa cha Man kwa moyo hajui chochote kuhusu kona asiyowahi kuipita, tena kwenye barabara ambayo haikufungwa na ambako lori linaweza kutokea upande wa pili.

Kwenye mashindano hayohayo ndiko helmeti ilikopata nafasi yake ya kwanza rasmi. Daktari Eric Gardner, aliyehudumu kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, alikuwa amechoka kupokea wapandaji waliopasuka vichwa, akatengenezesha kofia ya turubai iliyogandishwa kwa gundi ya shelaki. Mwaka 1914 helmeti ikawa lazima kwa washindani wa Kisiwa cha Man. Barabarani hakuna aliyeijali.

Tukio lililoanza kubadili hali hiyo halikuhusu kona, ingawa lilihusu tatizo lilelile la kona. Mei 13, 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi aliyepata umaarufu katika vita vya Uarabuni, alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill, Dorset, akiendesha Brough Superior, bila helmeti. Mbele yake barabara ilizama kwenye bonde dogo, na ndani ya bonde hilo walikuwamo wavulana wawili juu ya baiskeli. Alipowaona alikwepa, akaanguka, akafariki siku sita baadaye. Barabara ilikuwa imenyooka, lakini jicho halikuweza kuona kilichokuwa ndani ya bonde, sawa na lisivyoweza kuona nyuma ya kona. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia. Mwaka 1941 Cairns alichapisha uchunguzi wake kuhusu wapanda pikipiki wa jeshi waliokuwa wakifa kwa wingi barabarani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika majeruhi aliowachunguza, saba tu walikuwa wamevaa helmeti, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru helmeti zivaliwe kazini. Raia walisubiri: jimbo la Victoria, Australia, liliweka sheria hiyo mwaka 1961, na Uingereza yenyewe mwaka 1973, miaka zaidi ya 20 baada ya Cairns kufariki.

Helmeti hupunguza matokeo ya kuanguka. Swali la jinsi ya kutoanguka lilishughulikiwa na polisi. Katikati ya miaka ya 1930 polisi wa London walifungua shule ya udereva huko Hendon, kwa sababu ajali za magari ya polisi wenyewe zilikuwa zimekuwa aibu. Mwaka 1937 walimwalika Earl wa Cottenham, aliyekuwa dereva wa mashindano, asaidie kupanga mafunzo ya mwendo wa kasi. Ungetarajia bingwa wa mbio afundishe kasi. Kilichotoka Hendon kilikuwa utaratibu wa kufanya mambo kwa mfuatano: kutazama, kuchagua mahali pa kukaa barabarani, kupunguza mwendo, kuweka gia, na baada ya hapo tu kuingia kona na kuvuta mafuta polepole. Kila kitu kinachohitaji breki kinamalizika pikipiki ingali wima. Mafundisho hayo yalitolewa kwa umma mwaka 1955 katika kitabu kiitwacho Roadcraft, na baadaye kikafuata kitabu chake cha pikipiki.

Mchango mkubwa wa mafundisho hayo ni namna ya kuisoma kona usiyoijua. Mwendeshaji anapoikaribia kona, kingo mbili za barabara huonekana kukutana mahali fulani mbele. Hapo ndipo upeo wa macho yake unapoishia. Mahali hapo pakionekana pamesimama huku yeye akizidi kupasogelea, kona ni kali kuliko mwendo wake na lazima apunguze. Pakianza kusogea mbele kwa kasi sawa na yake, mwendo ni sahihi. Pakimkimbia, kona inafunguka na anaweza kuongeza. Kanuni moja inashikilia yote: uweze kusimama, upande wako wa barabara, ndani ya umbali unaouona uko wazi. Hakuna hesabu ya nyuzi wala ya nusukipenyo inayohitajika, na kanuni inafanya kazi kwenye barabara ambayo mtu anaipita mara ya kwanza maishani, usiku au mchana. Mafunzo yote ya wapandaji wa Kisiwa cha Man hayakuweza kutoa kitu kama hicho.

Mahali pa kukaa barabarani pia pana sababu yake. Panapoendeshwa kushoto, kama Uingereza na kama Kenya, Uganda na Tanzania zilizorithi desturi hiyo wakati wa ukoloni, kona ya kulia huonekana vizuri zaidi ukiwa karibu na ukingo wa kushoto, na kona ya kushoto ukiwa karibu na mstari wa katikati. Lakini hapo kwenye kona ya kulia pana mtego. Tairi zikipita karibu na mstari wa katikati, kichwa na bega la mpandaji aliyelala huwa tayari viko upande wa magari yanayokuja. Rwanda, Burundi na Kongo, ambako huendeshwa kulia, mtego huo uko kwenye kona ya kushoto.

Baada ya vita, mashine ziliwapita waendeshaji. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 na 1960 walikimbizana kati ya mikahawa kama Ace Cafe ya London wakitafuta maili 100 kwa saa. Mwaka 1969 Honda ilitoa CB750, pikipiki ya silinda nne yenye breki ya diski mbele, iliyouzwa kwa bei ambayo watu wengi waliimudu. Kuanzia hapo ilikuwa nadra kwa kona ya barabara ya kawaida kuushinda uwezo wa chombo kabla haijamshinda aliyekikalia.

Ushahidi ulikuja kutoka Marekani. Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walichunguza ajali zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles, wakifika mahali pa ajali na kupima alama za tairi, na ripoti yao ilitoka mwaka 1981. Mwendo wa kati kabla ya ajali ulikuwa maili 29.8 kwa saa, chini ya kilomita 50. Asilimia 92 ya waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Katika ajali zisizohusisha chombo kingine, kosa la mwendeshaji lilikuwa chanzo katika takriban theluthi mbili, na kosa lenyewe mara nyingi lilikuwa kufunga breki mno hadi kuserereka, au kutoka nje ya kona kwa sababu ya mwendo mkubwa ama kwa kutoilaza pikipiki vya kutosha. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa jipya. Watu walitoka barabarani wakiwa juu ya pikipiki ambazo bado zingeweza kulala zaidi, na ujuzi wa kusukuma mpini alioueleza Rankine ulikosekana karibu kabisa.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Bernt Spiegel alitoa maelezo mwishoni mwa miaka ya 1990. Binadamu asiyefunzwa, alisema, huogopa kuinama zaidi ya nyuzi 20 hivi, kwa kuwa mtu anayekimbia kwa miguu kwenye ardhi ya kawaida akizidisha hapo huteleza. Hofu hiyo iko mwilini, na humshika mpandaji hata tairi zikiwa na akiba kubwa. Akishtuka katikati ya kona hukaza mikono, hukodolea macho ukingo anaouogopa, kisha pikipiki humpeleka hukohuko. Keith Code, aliyeanzisha shule ya uendeshaji California mwaka 1980, alikuwa amekwisha kuyajenga madarasa yake juu ya kutuliza mishtuko ya aina hiyo. Dereva wa bodaboda aliyejifunzia mtaani, akiwa amebeba abiria na mzigo kwenye mteremko wenye changarawe, anakabiliana na mishtuko hiyohiyo bila kufundishwa lolote kuihusu.

Umeme nao umeingia. BMW iliweka breki zisizofunga gurudumu kwenye K100 mwaka 1988, lakini mfumo huo ulifaa zaidi pikipiki ikiwa wima. Mwaka 2013 KTM ilitoa 1190 Adventure yenye mfumo wa Bosch unaopima nyuzi za kulala na kugawa nguvu ya breki kulingana nazo, hata katikati ya kona. Mfumo huo unajua pikipiki imelala kiasi gani. Haujui kilichoko nyuma ya kona. Barabara zenyewe zimeanza kusaidia upande huo: katika milima ya Uskoti, alama maalumu zimechorwa kwenye lami kabla ya kona kadhaa mbaya, zikimwonyesha mwendeshaji pa kupita anapoingia. Majaribio yake yalionyesha wapandaji wakipunguza mwendo na kukaa mahali pazuri zaidi.