Ndoa ya miaka 15: Haki inavyoingia kwenye Katiba, na inavyokwama njiani

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa kufunga ndoa: mwanamume miaka 18, mwanamke miaka 15. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa. Ya nani? Ya baba yake kwanza. Mama anaulizwa kama baba ameshafariki.

Julai 8, 2016, jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu lilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Aliyefungua shauri ni mwanaharakati Rebeca Gyumi. Hesabu mwenyewe: ni miaka 45 tangu sheria itungwe.

Kwa nini muda wote huo? Ukilijua jibu, utakuwa umeelewa jinsi haki inavyolindwa nchini, na inavyoweza kuwepo kwenye karatasi bila kumfikia mwenye nayo.

Ilianzia kwenye utangulizi

Wengi tunadhani haki za binadamu zimekuwemo kwenye Katiba tangu uhuru. Hapana. Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki. Viongozi wa wakati ule waliona taifa changa lina kazi kubwa ya kujenga nchi, na kesi za haki zingeifunga serikali mikono. Katiba ya muda ya 1965 ikazitaja haki kwenye utangulizi tu, na ile ya 1977 ikafuata njia hiyohiyo.

Utangulizi unasomeka vizuri, ila huwezi kuubeba ukaenda nao mahakamani kumshtaki mtu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1984, Bunge lilipofanya marekebisho ya tano ya Katiba na kuingiza haki na wajibu, ibara ya 12 hadi ya 29. Yalianza kutumika Machi 1985. Lakini kulikuwa na kamchezo kadogo: sheria ya mpito ilizuia watu kuzitumia haki hizo mahakamani kwa miaka mitatu, ili serikali ipate nafasi ya kuzisafisha sheria zake za zamani. Milango ikafunguliwa Machi 1988. Sheria ya Ndoa ilipita kipindi hicho chote bila kuguswa.

Shamba la Kihaya

Kesi moja ya mapema inaonyesha nguvu ya haki ikishaandikwa. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, kisha akaliuza. Ndugu wa ukoo akapinga, akisema mila za Kihaya haziruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kuhusu mila alikuwa sahihi, maana hata mahakama za zamani zilikuwa zikiamua hivyo.

Mwaka 1990 shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Yeye akaangalia ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, akaangalia na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Miaka kumi nyuma, mama yule asingekuwa na ibara ya kushika.

Kuna jambo hapa ambalo binafsi lilinishangaza: neno "jinsia" halikuwemo kwenye orodha ya sababu za ubaguzi katika ibara hiyo. Liliongezwa mwaka 2000. Kwa hiyo jaji alifika kwenye uamuzi wake kwa kuisoma Katiba pamoja na mikataba.

Mkataba ukisainiwa, inakuwaje?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Rais au waziri akisaini mkataba nje ya nchi, bado safari ni ndefu. Kwa Tanzania, mkataba unaohitaji kuridhiwa unapelekwa bungeni. Ukisharidhiwa, nchi inabanwa mbele ya nchi nyingine. Lakini ili uwe sheria kamili ndani ya nchi, Bunge linatakiwa kutunga sheria yake.

Mfano wenyewe huu: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto, iliyosema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, ikaja 2009. Mtoto aliyezaliwa mkataba uliporidhiwa alikuwa ameshakuwa mtu mzima.

Katikati hapo nchi iliridhia pia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, mwaka 2003, na Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, mwaka 2007. Yote miwili inataka umri wa ndoa usipungue miaka 18. Na bado Sheria ya Ndoa ikabaki vilevile. Kwa hiyo binti wa miaka 15 alikuwa mtoto kwa sheria moja, na mke halali kwa sheria nyingine.

Majirani zetu Kenya walichagua njia fupi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Na kubadili sura yao ya haki kunahitaji kura ya maoni ya wananchi. Kwetu, theluthi mbili ya wabunge wanatosha, ingawa kwa baadhi ya mambo ya Muungano inatakiwa theluthi mbili ya kila upande, Bara na Zanzibar.

Bunge nalo linaweza kurudisha nyuma

Hilo la theluthi mbili si nadharia. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Bunge likabadilisha Katiba yenyewe ili kulizima jambo hilo. Mtikila alirudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na mwaka 2013 akashinda. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Ushindi wa mwaka mmoja

Turudi kwa Gyumi. Mahakama Kuu haikuvifuta vifungu siku ileile. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu kuipa serikali muda wa kurekebisha kasoro, na muda huo ukiendelea sheria inahesabika kuwa halali. Serikali ikapewa mwaka mmoja.

Badala ya kurekebisha, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba tofauti ile ya umri iliwekwa kumlinda msichana asizae nje ya ndoa. Oktoba 23, 2019, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Juu ya mahakama hiyo hakuna mahakama nyingine nchini. Hata hivyo miaka iliendelea kupita huku maneno ya 1971 yakibaki kwenye kitabu cha sheria.

Mwaka 2016 huohuo, Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu: anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Binti akiwa darasani, analindwa. Akiwa ameacha shule, kinga hiyo inamwacha.

Na wewe unaweza kufungua kesi?

Ndiyo, ila masharti yamebadilika. Kesi za haki hufunguliwa kupitia Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ya 1994. Mwaka 2020 sheria hiyo ilirekebishwa: anayefungua shauri akatakiwa kuambatanisha kiapo kinachoonyesha jinsi uvunjaji huo ulivyomgusa yeye mwenyewe.

Gyumi alipokwenda mahakamani hakuwa binti wa miaka 15 anayeozwa. Alikuwa mtu mzima, amesoma sheria, na anajua mlango wa Mahakama Kuu ulipo.