Chini ya Visiki vya Miyombo

Ukiuliza Kasulu au Kibondo uyoga unatoka wapi mvua zinapoanza, utaoneshwa msitu. Jibu hilo ni sahihi kuliko linavyosikika. Uyoga wa vichuguu tuuache kando, huo hulimwa na mchwa. Lakini aina nyingi zinazookotwa chini ya miyombo ni matunda ya fangasi wanaoishi kwenye mizizi ya miti hiyo.

Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyetakiwa na serikali ya Prussia kutafuta namna ya kulima uyoga ghali wa ardhini, aliibuka na jambo jingine: fangasi waliovika ncha za mizizi walikuwa wakiulisha mti. Wengi walimpinga. Leo tunajua kwamba nyuzi zao huchota maji na fosforasi mbali, na mti hulipa kwa sukari.

Mwaka 1982 Msweden Peter Högberg alichapisha uchunguzi wake wa miti na vichaka vya Tanzania. Miyombo huvikwa fangasi kwa nje ya mizizi. Mninga, jirani yake, una fangasi wanaoingia ndani kabisa ya seli, tena una vinundu vya bakteria wa nitrojeni. Udongo mmoja, mikataba miwili.

Nalihesabu hili kuwa historia kwa sababu ya shoka na jembe. Miaka ya 1930 wakoloni waliwahamisha watu wengi wa Buha kwa hofu ya malale, na msitu ukarudi mashambani. Baada ya 1993 wakaja wakimbizi wa Burundi, kisha Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa 1996. Kuni zikawa ugomvi kati ya wenyeji na wageni. Hata hivyo, myombo uliokatwa huchipua kisikini, na mizizi iliyo hai huendelea kuwatunza fangasi wake. Kisiki kiking'olewa na pakalimwa miaka mingi, mche mpya humkosa mwenzi.

Miti ya paini ilishatufundisha. Ilipoletwa Afrika, miche ilidumaa vitaluni katika nchi kadhaa hadi ilipowekewa udongo wenye fangasi wake.

Kwa hiyo idadi ya miche inayopandwa hainishtui sana. Ningependa kujua udongo wa kwenye viriba ulichotwa wapi, na kama kuna aliyechanganya humo konzi moja kutoka chini ya myombo mkongwe.