Shiri khurma: maziwa na tende za asubuhi ya Idi

Mfunguo Mosi unapokaribia, bibi harusi mpya huanza kujiuliza atapika nini asubuhi ya Idi yake ya kwanza kwa mumewe. Leo tuizungumze shiri khurma, maana ukijua ilikotoka utajua pia kisichofaa kukosekana ndani yake.

Jina lake ni la Kiajemi: shiri ni maziwa, khurma ni tende. Ila walioifanya kuwa chakula cha Idi el Fitri kinachojulikana sana ni Waislamu wa Bara Hindi. Dola ya Mughal, iliyoanzishwa na Babur mwaka 1526, ilitumia Kiajemi katika kasri na ofisi zake, na majina ya mapishi yakaenea hivyo hivyo. Hata pilau na biriani tunazopika sisi zina asili hiyo ya majina.

Kwa nini tende? Tumepokea kwa Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume (SAW) hakuwa akitoka kwenda kuswali Idi el Fitri mpaka ale tende, kwa idadi ya witiri. Kwa hiyo bakuli la maziwa na tende asubuhi hiyo linatukumbusha sunna, mbali na utamu wake.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Tende hutolewa kokwa, zikakatwa vipande na kukaangwa kidogo kwa samli pamoja na lozi na zabibu. Tambi nyembamba nazo hukaangwa mpaka zigeuke rangi ya dhahabu. Maziwa huchemshwa kwa moto mdogo mpaka yapungue na kuwa mazito, ndipo hutiwa tambi, sukari, iliki na zafarani. Tende huingia mwisho.

Karne ya 19 Waislamu wengi kutoka Kachi na Gujarati, wakiwemo Mabohora na Mamemoni, walihamia Unguja, na wanawake wao wakaja na mapishi yao. Visiwani tuna tambi zetu za Idi pia, za tui la nazi, sukari na iliki. Ukizionja zote mbili utaona zinavyofanana.

Vipimo vya mapishi haya vilihifadhiwa mikononi mwa kina mama, na binti aliyeolewa aliondoka navyo kwao. Siku hizi ni rahisi kununua pakiti, ukachemsha tambi na maziwa, tende ukaziacha. Zitakuwa tamu, lakini hiyo siyo shiri khurma tena. Nusu ya jina imeondoka, na ile nusu ndiyo iliyobeba sunna.

Basi bibi harusi, kabla ya Idi kaa na mama yako, kisha na mama mkwe. Waulize wanavyopima, uandike. Wakiwa hai ndiyo wakati wake.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Idi njema.