Ukarabati na Uboreshaji wa Pikapu za Hilux za Zamani

Ukarabati wa pikapu za zamani za nyikani ni kazi ya ufundi ambayo mwenye gari huifanya mwenyewe, au kwa msaada wa fundi wa mtaani, ili kulirudishia gari uwezo wake wa awali au kulipa uwezo ambao kiwanda hakikulipa. Makala haya yanahusu hasa Toyota Hilux, pikapu iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968 na kupata mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne mwaka 1979, na yanaishia kwenye kizazi chake cha tano, kilichoachia nafasi mwaka 1997. Katika kipindi hicho pikapu nyingi za kuvuta kwa magurudumu manne zilizouzwa Afrika na Australia, ikiwamo LN106 inayofahamika sana Afrika Mashariki, zilikuwa na ekseli nzima ya mbele, yaani bomba moja la chuma linalobeba difu na kuyashika magurudumu yote mawili, likikalia springi za bapa, ambazo ni vyuma virefu vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine.

Umbo hilo ndilo linaloiweka kazi ndani ya uwezo wa mtu mwenye jeki, spana na subira. Bodi imefungwa kwa boliti juu ya chasisi, hivyo huweza kunyanyuliwa bila kukatwa. Kichwa cha difu, chenye kroni na pinioni, hutoka kikiwa kizima na kubadilishwa na kingine. Na injini za dizeli ziitwazo 2L na 3L hulishwa na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, bila kompyuta ya kuamua kiasi cha mafuta. Tatizo likitokea, mara nyingi huonekana kwa macho, husikika kwa masikio au hugunduliwa kwa mkono, na hili ni jambo ambalo wenye magari mapya wamelipoteza.

Kazi huanza kwenye chasisi, kwa sababu injini nzuri juu ya chasisi iliyoliwa na kutu ni hasara tupu. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar, hewa ya chumvi huungana na tope linalojikusanya ndani ya vyuma vya chasisi, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje, hasa karibu na vishikio vya springi za nyuma, hivyo rangi nzuri ya nje haithibitishi chochote na kila sehemu hugongwa kwa nyundo ndogo ili kusikiliza mlio wake. Chuma kilichooza hukatwa hadi kufikia chuma kizima, kisha kiraka huchomelewa kikiwa na ncha zilizochongoka badala ya kingo zilizosimama wima, kwa kuwa mshono mmoja wa wima hukusanya nguvu zote za mtikisiko mahali pamoja na kupasuka. Nyaya za betri huondolewa kabla ya kuchomelea kwa umeme, vinginevyo alteneta huweza kuungua.

Ekseli ya mbele ndiyo inayodai maarifa mengi zaidi. Kila mwisho wake una tufe la chuma ambalo kifundo cha gurudumu huzunguka juu yake gari linapokata kona, na ndani ya tufe hilo hukaa jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limegeuzwa. Jointi ya namna hii, yenye gololi sita za chuma zinazotembea ndani ya mifereji, ilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920. Jointi hulainishwa kwa grisi nzito, ilhali difu iliyo jirani hutumia oili nyepesi, na kinachozitenganisha ni oili sili moja iliyo ndani ya bomba. Sili hiyo ikichoka, oili huingia kwenye tufe, huiyeyusha grisi, kisha mchanganyiko mweusi huchuruzika juu ya tufe na hatimaye kufika kwenye breki. Wengi huufuta uchafu huo na kubadilisha sili ya nje tu, kosa ambalo huirudisha kazi ileile baada ya muda mfupi, kwani chanzo kiko ndani.

Anayekifungua kifundo anapaswa kuikamilisha kazi yote kwa pamoja: kubadilisha sili ya ndani na ya nje, kukagua beringi mbili za juu na chini ambazo kifundo huzungukia, kuosha jointi na kutazama kama mifereji yake imechimbika, kisha kuijaza grisi yenye molibdenamu. Vibati vyembamba vilivyo juu na chini ya kifundo havichanganywi, kwa sababu ndivyo vinavyoamua jinsi beringi zinavyobanwa, na mkazo huo hupimwa kwa mizani ya kuvuta. Kifundo kilicholegea husababisha usukani kutetemeka kwa nguvu gari linapopita kwenye shimo, na hakuna shokapu ya usukani itakayoponya tetemeko hilo ikiwa beringi zimekwisha.

Kwenye injini za 2L na 3L, jambo la kwanza ni mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Jambo la pili ni joto, maana silinda hedi hupasuka injini ikichemka, na kwa hiyo rejeta husafishwa kabla ya fedha kutumika kwenye kitu kingine chochote. Hewa iliyoingia kwenye mirija ya dizeli hutolewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, lakini noseli na pampu yenyewe hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia.

Uboreshaji unaopendwa zaidi ni kuinua gari na kulivisha matairi makubwa, na hapa ndipo watu huharibu magari mazima. Tairi la awali la 205R16 lina kipenyo cha milimita 734 hivi. Likibadilishwa kwa tairi la inchi 33, lenye milimita 838, kipenyo huongezeka kwa asilimia 14, difu hupanda milimita 52 tu kutoka ardhini, lakini gia zote hurefuka kwa asilimia hiyo hiyo. Spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 114. Klachi huteseka mlimani na breki huhitaji nguvu zaidi kusimamisha. Difu yenye uwiano wa 4.10 inapaswa basi kubadilishwa, mbele na nyuma kwa pamoja, kwa yenye 4.56 au 4.88, na kazi ya kupanga kroni na pinioni, ambayo nafasi kati ya meno yake ni milimita 0.13 hadi 0.18, haifai kufanywa kwa kukisia.

Springi ndefu nazo huleta madai yao. Mirija ya breki huvutika, pembe ya krosi za propela huongezeka, na fimbo ya usukani, ambayo katika Hilux ya ekseli nzima husukuma mbele na nyuma, huuvuta usukani kila springi inapobonyea. Linalosahaulika zaidi ni valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli: gari likiinuliwa, valvu hulihesabu kuwa tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata likiwa limebeba mizigo hadi juu. Kishikio cha fimbo hiyo lazima kiinuliwe kwa kiasi kilekile ambacho gari limeinuliwa.

Nchini Marekani, ambako pikapu hizi zilipewa magurudumu ya mbele yanayojitegemea kuanzia modeli ya 1986, wapenzi wa njia za miamba hufanya kinyume cha maendeleo ya kiwanda kwa kurudisha ekseli nzima, na wengine hufunga giaboksi mbili ndogo za kupunguza mwendo zikifuatana, kila moja ikiwa na uwiano wa 2.28, ili gari litambae polepole kuliko mtembea kwa miguu. Afrika Mashariki haja ni nyingine: kubeba mzigo mzito kwenye barabara mbovu, hivyo bapa huongezwa kwenye springi za nyuma. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, na kwa sababu hiyo vipuri vya pikapu hizi hutegemea sana magari yaliyovunjwa, ambayo huuzwa vipande vipande katika maeneo kama Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mnunuzi anayevuka mpaka huangalia upande wa usukani kwanza, kwani Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia mwa barabara, na kisanduku cha usukani kilichotoka huko hakifai kwenye chasisi ya Tanzania, Kenya au Uganda, ingawa difu, propela na giaboksi huingia bila shida.