Majani na Karafuu kwa Wanakondoo: Ipi Lishe, Ipi Dawa?

Idi Kubwa ikikaribia hapa Unguja, kila mtu anakuwa daktari wa kondoo na mbuzi: huyu mlonge, yule karafuu. Nimeona niyaweke sawa, maana mwanakondoo akifa hakuna wa kukurudishia pesa.

1. Majani ya protini. Lukina, gliresidia na mlonge yanasaidia kweli, hasa kiangazi nyasi zikikauka. Gliresidia ina harufu, kwa hiyo yaache majani yanyauke usiku kucha ndio uwape. Lukina ina sumu iitwayo mimosini. Ikizidi, manyoya yananyonyoka na tezi ya shingo inavimba. Anza kidogo kidogo, isizidi theluthi ya chakula.

2. Karafuu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia 1 Januari 2006, na viwanda vya chakula cha mifugo vikazidi kutafuta mafuta ya mimea, yakiwemo ya karafuu. Lakini wenzetu wanapima kidogo mno. Wewe ukinunua unga wa karafuu Darajani ukamwaga tu kwenye pumba, unaweza kuua vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani, mnyama akasusa kula.

3. Minyoo. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wakati wa masika na vuli kuna mnyoo unaokaa tumbo la nne na kunyonya damu. Mfunue mnyama kope la chini: ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe, au chini ya taya pamevimba, huyo hana damu. Usimpikie majani, muite daktari wa mifugo leo hii. Na dawa ipimwe kwa uzito. Ukipunja, minyoo inaizoea.

Sasa majani yana kazi gani hapo? Mnyama mwenye protini ya kutosha anastahimili minyoo zaidi. Halafu viluwiluwi vya minyoo vinakaa kwenye nyasi, karibu na ardhi. Ukifunga majani ya miti juu, mnyama akala kichwa kimeinuka, anameza vichache. Kamba yako tu hiyo, haina gharama.

Kwa kifupi: majani ni lishe na kinga, sio tiba ya mnyama aliyekwisha damu.

Wafugaji wa Makunduchi, Donge na kwengineko, nyinyi mnalisha nini? Tupeni uzoefu hapo chini.