Dhabihu Iliyo Hai

Somo letu ni Waraka kwa Warumi, sura ya 12, mstari wa 1.

Wazee wetu waliijua dhabihu. Mvua ilipokawia, Wakikuyu walimpeleka mwana-kondoo wa rangi moja chini ya mti wa mugumo. Mwisraeli naye alileta madhabahuni mnyama asiye na kilema, si yule aliyekuwa karibu kufa. Mtu alitoa kitu ambacho yeye mwenyewe alikihitaji.

Mbona basi sisi hatuchinji? Waraka kwa Waebrania watujibu: Kristo alijitoa mara moja, na hiyo yatosha. Deni limelipwa. Kwa hiyo mtu anayetia noti kapuni akidhani ananunua kazi au gari, bado hajauelewa msalaba.

Lakini kuna kosa jingine. Twasema, "Ikiwa deni limelipwa, sarafu iliyobaki baada ya nauli itatosha." Mkumbuke Mfalme Daudi. Arauna alitaka kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi alikataa, akanunua, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Hatutoi ili tupendwe. Twatoa kwa kuwa tumependwa, na shukrani ya kweli ina gharama yake.

Sasa twende Pumwani, hapa Nairobi, mtaa uliopimwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 1962 alifika huko mwalimu mmoja mzee, Edward Carey Francis. Alikuwa amefundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akaiacha nafasi hiyo mwaka 1928 na kuja Maseno. Kuanzia mwaka 1940 aliongoza Shule ya Alliance kwa miaka 22. Baadhi ya mawaziri wa serikali yetu ya uhuru walipita mikononi mwake.

Alipostaafu, angeweza kurudi Uingereza akapumzike, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akaenda kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Pumwani. Hakwenda kuwa mkuu wa shule. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mwingine, kati ya watoto wa mitaa ya Eastlands. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki Julai 1966.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na katika mambo ya siasa wengi hawakukubaliana naye. Lakini hebu tutazame alichoweka madhabahuni: heshima ya cheo, na miaka yake ya mwisho. Hakuna kapu la kanisa linaloweza kubeba sadaka kama hiyo.

Labda utasema, "Mimi sina cheo cha kuacha." Ndugu yangu, mama anayeuza mboga Gikomba naye hana. Huamka alfajiri, akauza, na Jumapili hufungua pindo la leso akatoa kilichofungwa humo. Baada ya ibada kuna mnada. Yai moja lanunuliwa, larudishwa, lanunuliwa tena, nasi twacheka kwa furaha. Ni jambo jema. Lakini Jumatatu jirani yake mgonjwa bado anahitaji mtu wa kumchotea maji. Mama yule akichukua mtungi na kwenda, ibada ya jana haijaisha.

Mnyama wa kale aliwekwa madhabahuni mara moja, akafa. Dhabihu iliyo hai ni ngumu zaidi, kwa maana yaweza kushuka madhabahuni na kwenda zake. Yapasa kujiweka tena kila asubuhi.

Msikilizaji, wiki hii umempa Mungu nini ambacho ulikihitaji?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyejitoa kwa ajili yetu bila kubakiza, pokea sadaka ya mikono yetu. Kisha utupokee na sisi wenyewe. Amina.