Kwa Nini Colin Croft Hatajwi

Tunapowalinganisha warushaji wa kasi wa West Indies wa miaka ya 1970 na 1980, aghalabu tunaanza na takwimu. Nami nitaanza nazo, kwa kuwa zinaficha jambo. Kipimo kikuu cha mrushaji wa kriketi ni wastani wa mikimbio anayowapa wapinzani kwa kila wiketi, yaani kwa kila mpigaji anayemtoa. Wastani ukiwa mdogo, mrushaji ni hatari zaidi. Katika mechi za Test, Malcolm Marshall wa Barbados alipata wiketi 376 kwa wastani wa 20.94. Joel Garner, Mbarbados mwenzake aliyezidi mita 2 kwa kimo, alipata 259 kwa 20.97. Michael Holding wa Jamaika ana 249 kwa 23.68, na Andy Roberts wa Antigua, mkubwa wao, 202 kwa 25.61.

Kisha yupo Colin Croft wa Guyana: wiketi 125 kwa wastani wa 23.30. Kwa hesabu tupu amewapita Holding na Roberts. Mwaka 1977, Port of Spain, aliwatoa Wapakistani 8 kwa mikimbio 29 tu katika zamu moja. Hata hivyo, katika orodha za wakubwa hutajwa mwisho, kama anatajwa.

Hesabu, ndugu msomaji, hazijui mpira ulirushwa lini wala mbele ya nani. Kabla ya mfululizo wa 1976, nahodha wa Uingereza Tony Greig, Mzungu mzaliwa wa Afrika Kusini, alitamba kwenye televisheni kwamba angewanyenyekesha West Indies. Ulikuwa mwaka wa Soweto. Julai ile mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwamo, yaligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ubaguzi huohuo, na Filbert Bayi wetu akabaki bila kukimbia. Agosti, katika uwanja wa The Oval, London, juu ya ardhi kavu isiyomsaidia mrushaji yeyote, Holding aliwatoa wapigaji 14 kwa mikimbio 149. Vijiti vya Greig aliviangusha katika zamu zote mbili.

Marshall alikuwa wa namna nyingine: si mrefu, lakini mwenye akili ya kumsoma mpigaji kuliko wote niliowataja. Mwaka 1984 huko Headingley alivunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Akaingia kupiga kwa mkono mmoja ili mwenzake Larry Gomes atimize mikimbio 100, kisha akarusha na kuwatoa Waingereza 7 kwa mikimbio 53. Ukinilazimisha nichague mmoja, nitamchagua yeye.

Lakini kati ya 1976 na 1984 kuna 1983. Mwaka huo kikosi cha waasi kutoka West Indies, kikiongozwa na Lawrence Rowe, kilikwenda kucheza katika Afrika Kusini ya makaburu kwa malipo ambayo mchezaji wa Karibiani hakuwahi kuyaota. Marshall alifuatwa, akakataa. Holding alikataa na kuwalaani hadharani waliokubali. Croft alikwenda. Huyu ni mwana wa Guyana, nchi ya Walter Rodney ambaye wengi wenu mmemsoma. Nchi ambayo mwaka 1981 ilimfukuza mchezaji wa Uingereza, Robin Jackman, kwa uhusiano wake na Afrika Kusini, hata mechi ya Test ya Georgetown ikafutwa.

Sipendi hukumu rahisi. Wachezaji wengi wa visiwa vile walilipwa kidogo, na wengine hawakuwa na kazi msimu ukiisha. Lakini Croft hakuwa chipukizi aliyekosa namba; alikuwa na nafasi yake katika kikosi bora kuliko vyote duniani. Na huko alikokwenda, pamoja na hadhi ya “Mzungu wa heshima” waliyopewa wageni hao, alitolewa kwenye behewa la treni lililotengwa kwa Wazungu.

Waasi wote walifungiwa maisha, adhabu iliyoondolewa mwaka 1989, Croft akiwa na miaka 36, umri ambao mrushaji wa kasi ameshakwisha. Mechi zake za Test zilikomea 27. Marshall, ambaye hadi hapo alikuwa akiingia na kutoka kikosini, kuanzia 1983 alipata namba ya kudumu, akacheza mechi 81.